Anzia Kitandani: Namna ya Kuitambua Nyumba Bora ya Wazee na Watu Wenye Ulemavu

Ukialikwa kukagua nyumba za umma zilizojengwa kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu, wenyeji watakupokea getini. Watakuonyesha rampu, na alama ya kiti cha magurudumu iliyopakwa rangi ya buluu, na pengine jiwe la ufunguzi. Wasikilize kwa adabu, kisha omba upelekwe chumbani. Kazi hii hupimwa kuanzia kitandani kwenda nje, kwa sababu safari ngumu kuliko zote kwa mzee ni ile ya saa nane usiku, kutoka kitandani hadi chooni, macho yana usingizi na magoti bado hayajakaza. Msanifu aliyeifikiria safari hiyo hatua kwa hatua, mengine mengi huwa ameyapatia.

Kwa hiyo kaa ukingoni mwa kitanda. Swichi ya taa unaifikia bila kunyanyuka? Mlango wa choo unauona ulipo, au lazima upite sebuleni? Pembeni mwa kitanda pamebaki nafasi gani? Kanuni za ujenzi za England za mwaka 2015 zinataka sm 75 kila upande wa kitanda cha wawili katika nyumba ya kawaida inayoweza kurekebishwa baadaye, na mita nzima katika nyumba ya mtumiaji wa kiti cha magurudumu. Sm hizo 25 ndizo zinazoamua kama mtu atahamia kitini mwenyewe au atasubiri abebwe.

Sasa uendee mlango. Watu wengi hupima upana wa fremu, ilhali kinachotakiwa ni upana unaobaki mlango ukiwa wazi na bawa lake likiwa limekula sehemu yake. Chini ya sm 80, vidole vya anayejisukuma vitachubuka. Halafu tazama kitu ambacho wageni hawakioni kabisa: kipande cha ukuta kilicho upande wa kitasa. Kinatakiwa kiwe na angalau sm 30. Kisipokuwepo, kiti cha magurudumu kinagota kwenye kona kabla mkono haujafika kwenye kitasa, na mlango mpana wa gharama kubwa unageuka kuwa pambo. Nikiona kipande hicho kimeachwa makusudi katika kila chumba, namheshimu aliyechora ramani kabla sijamjua jina.

Chooni usiwe na haraka. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, pale penye chuma cha kushikia. Mlio wa tofali lililojaa ni mzito na mfupi. Ubao wa jasi ulio mtupu kwa nyuma huitikia kama debe. Chuma hicho siku moja kitabeba uzito wote wa mtu anayeteleza, na kama skrubu zimeshika jasi tu, kitang'oka naye. Kikamate. Kinene sana hakishikiki na mkono wenye baridi yabisi, na kikiganda ukutani, vidole havipati pa kuzunguka. Kiloweshe maji na sabuni, ukishike tena. Kisha kaa juu ya choo: kikiwa kifupi mno, kuinuka kunahitaji nguvu za mapaja ambazo mzee hana tena. Kimo cha kiti cha sm 46 hadi 48 huwafaa wengi. Karatasi na bomba la kunawia viwe vinafikika bila kugeuza kiuno.

Sakafu ya bafu nzuri haina ukingo wowote wa kuzuia maji. Maji yanaongozwa na mwinamo mdogo kuelekea tundu lake, mdogo kiasi kwamba kiti kikiachwa bila breki hakiserereki. Fundi mvivu hujenga kijiukuta cha sm 10 na kukuambia kinazuia maji yasisambae. Kinamzuia mkazi pia. Marumaru zinazong'aa zikatae papo hapo: mwaga maji, kanyaga kwa ndara iliyolika, utajua.

Rangi nayo ni ufundi, si urembo. Choo cheupe, ukuta mweupe na sakafu nyeupe huonekana safi kwenye picha, lakini mwenye mtoto wa jicho huona ukungu mtupu. Katika viwango vya Uingereza, sehemu mbili zinazopakana huhesabiwa kuwa zinatofautiana zikipishana alama 30 katika kipimo cha kuakisi mwanga cha 0 hadi 100. Kifuniko cha rangi iliyokoza na chuma cha buluu kwenye ukuta mweupe vinatosha. Upande wa pili, jihadhari na zulia jeusi katikati ya korido nyeupe: mwenye maradhi ya usahaulifu huweza kuliona kama shimo, akasimama hapo asivuke.

Ubora mkubwa zaidi umefichwa ndani ya kuta. Mapema miaka ya 1990, Waingereza waliandaa vigezo 16 vya nyumba ya kumfaa mtu maisha yake yote, na kimojawapo kilitaka kuta za choo na bafu ziimarishwe tangu ujenzi, hata kama aliyehamia ni kijana mwenye afya. Sheria ya makazi ya Marekani ilikuwa imeagiza jambo kama hilo mwaka 1988 kwa majengo mapya ya familia nyingi. Mbao chache nyuma ya plasta leo, au kuvunja bafu zima baada ya miaka 15. Omba kuona ramani inayoonyesha mbao hizo zilipo. Mradi usioweza kuitoa, mara nyingi hauna mbao zenyewe.

Baada ya hapo toka nje, na rampu sasa ina maana. Kila mtu hutaja mwinamo wa uwiano wa 1 kwa 12, lakini mwongozo wa England unauruhusu kwa urefu wa mita 2 tu. Rampu ya mita 10 inatakiwa iwe 1 kwa 20. Kiinuko cha sm 50 basi kinadai mita 10, na anayekuonyesha mita 4 amejenga kitu cha kusukumiwa na mtu mwingine. Kizingiti cha mlango kisizidi milimita 15.

Lifti ndiyo hukumu ya majengo ya ghorofa. Yale ya Michenzani, Zanzibar, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, wakazi wake wametegemea ngazi, na waliohamia humo wakiwa vijana wamezeekea juu. Singapore ilikuwa na tatizo la aina hiyo hiyo: lifti za majengo mengi ya zamani ya shirika la nyumba zilisimama katika ghorofa chache, na waliobaki walishuka au kupanda ngazi. Tangu 2001 serikali imekuwa ikizibadilisha zifike kila ghorofa pale inapowezekana, na mwaka 2012 ikaongeza mpango wa kuwafungia wazee vyuma vya kushikia na kutibu sakafu za bafu kwa ruzuku kubwa. Kwetu ongeza swali la umeme. Lifti moja isiyo na jenereta ni ahadi ya kumfungia mtu ndani kila umeme unapokatika. Uliza iliharibika lini mara ya mwisho na ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Muulize mkazi, si meneja.

Nyumba inaweza kupita vipimo vyote hivi na bado ikawa gereza. Ndiyo maana ninaipenda Kampung Admiralty ya Singapore, iliyobuniwa na WOHA na kukamilika 2017: juu kuna nyumba ndogo za wazee, katikati kituo cha matibabu, chini soko la chakula na uwanja wa watu wote, na milangoni mwa majirani kuna mabenchi ya kukaa. Mwaka 2018 ilitajwa jengo bora la mwaka duniani katika tamasha la usanifu la kimataifa. Jijini London, Appleby Blue ya Bermondsey, iliyoshinda tuzo ya Stirling mwaka 2025, imewekwa kwenye barabara yenye maduka, na korido zake pana zenye mwanga ni mahali pa kukaa na kupanda maua. Kaa kwenye kiti cha sebule uone kama unaiona barabara: kioo kikianzia juu ya sm 85, aliyeketi anabaki na mbingu tu.

Mwisho tafuta nyumba za watumiaji wa viti vya magurudumu ziko wapi. London hudai angalau asilimia 10 ya nyumba mpya ziwe za namna hiyo, na mjenzi mbaya huzirundika zote chini, nyuma, karibu na mapipa ya taka. Mjenzi mzuri huzitawanya, moja ghorofa ya tatu yenye upepo, nyingine pembeni yenye vyumba vitatu, kwa kuwa anajua mwenye ulemavu naye ana watoto, na shangazi anayekuja kulala.