Kidole Gumba Chasema Nini?

Siku moja mwanafunzi wangu alinijia na daftari lake la insha. Pambizoni, kando ya kila aya, nilikuwa nimetia alama ya vema kwa wino mwekundu. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, alama hii yaonyesha kwamba umesoma, ama kwamba umekubali?" Niliona haya, kwa maana mwenyewe sikuwa nimeamua.

Swali lile lilinirudia nilipoisoma hati namba 9078 katika mfululizo wa hati za kanuni za intaneti. Iliandikwa na Dave Crocker, Ricardo Signes na Ned Freed, ikatolewa kwa majaribio Agosti 2021. Yaeleza jinsi mtu awezavyo kuijibu barua pepe kwa emoji tu, pasipo kuandika neno.

Panapostahili sifa nitasifu. Jibu hilo limepewa jina lake maalumu, "itikio", nalo huandamana na utambulisho wa barua inayojibiwa, kicheko kisije kikabandikwa penye tangazo la msiba. Zatajwa emoji tano za msingi: kidole gumba juu, kidole gumba chini, uso unaocheka, uso ulionuna na uso unaolia, wala hakuna alazimishwaye kuzitumia. Maneno ya amri nayo yana mizani yake, iliyowekwa na hati 2119 ya mwaka 1997. Lililo "sharti" halina hiari. "Yapasa" lakubali udhuru, mradi mtu ameyapima matokeo. "Yaweza" ni hiari tupu. (Laiti kanuni za mabweni yetu zingeandikwa hivyo!)

Walakini uko penye kiini chenyewe. Hati yasema kwamba emoji ni itikio la "muhtasari". Muhtasari wa nini? Muhtasari wa hadithi twaweza kuupima kwa hadithi yenyewe. Huu tutaupima kwa kitu gani, iwapo asili yake imo moyoni mwa mtumaji? Kidole gumba kimetajwa kwa umbo lake tu.

Msomaji asidhani nagombania neno dogo. Mwaka 2021, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alimpelekea mkulima kwa simu picha ya mkataba wa mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa kidole gumba. Mbegu hazikuletwa. Mkulima alidai alimaanisha "nimeipokea". Mnunuzi alielewa "nimekubali". Mahakama ilitazama pia desturi yao, kwani hapo nyuma mkulima huyo alithibitisha mikataba kwa majibu mafupi ya simu, kisha akaleta mazao. Mwaka 2023 aliamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 rufani yake ikakataliwa. Kweli, ule ulikuwa ujumbe wa simu, si barua pepe. Lakini kidole ni kile kile.

Sitaki wahandisi watutungie kamusi ya vidole na nyuso, maana si kazi yao. Ningalitaka tu waliondoe neno "muhtasari", na mahali pake waandike hivi: "Itikio ni alama aliyoichagua mpokeaji, peke yake halithibitishi kwamba amekubali, wala kwamba ameisoma barua yote."

Mimi nami siku hizi huandika "nimesoma" pambizoni, kwa herufi.