Penalti Isiyo Penalti: Tahakiki Fupi ya Istilahi za Hoki ya Barafuni

Kila mwaka, aghalabu kuanzia Desemba 26 hadi siku za mwanzo za Januari, timu kumi za taifa hukutana kugombea ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni kwa vijana. Mashindano hayo, yaliyopata kuwa rasmi mwaka 1977, ni mali ya nchi za baridi: Kanada, Urusi, Uswidi, Ufini, Marekani na jirani zao. Hata hivyo, mfasiri wa Kiswahili hawezi tena kuyaona kuwa mambo ya mbali. Nairobi ilipata kiwanja cha barafu mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Hapana budi, basi, tuzipime istilahi tunazozikimbilia kila tunapoletewa habari za mchezo huu.

Makala haya yana hoja moja. Istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika mchezo mmoja yaweza kupotosha maana katika mchezo wa pili, hata kama neno la kigeni linalofasiriwa ni lile lile.

Tuanze na neno *penalti*. Kwa msomaji wetu, aliyelelewa na kandanda, timu iliyopewa penalti imepata neema: itapiga mpira langoni, na huenda ikafunga. Katika hoki ya barafuni mambo aghalabu ni kinyume. Mchezaji aliyekosa hutolewa barafuni na kuketishwa pembeni kwa dakika mbili, au tano kosa likiwa kubwa, na timu yake hucheza bila mtu huyo. Mfasiri akiandika, “Kanada ilipewa penalti ya dakika mbili,” msomaji atashangilia pale anapopaswa kusikitika. Tena upo mpigo mmoja wa kumkabili mlinda lango peke yake, na huo ndio unaofanana na penalti tunayoijua. Tukiyaita yote mawili *penalti*, tumevunja sharti la kwanza la istilahi, yaani neno moja kwa dhana moja.

Wapo watakaopendekeza *kifungo*. Neno hili lina mvuto, lakini halifai. Mchezaji *aliyefungiwa*, katika lugha ya magazeti yetu, ni yule aliyezuiwa kucheza mechi kadhaa zijazo. Na *kufunga* ni kutia bao. Afadhali tuseme mchezaji *amekalishwa* dakika mbili, na mahali anapokaa paitwe *kizimba*. Timu yake, kwa muda huo, *inacheza pungufu*. Usemi huu watangazaji wetu wa kandanda wameutumia siku nyingi, wala hauhitaji kubuniwa upya. Wapinzani wao, mathalani, *wanacheza kwa wingi*. Tafsiri ya neno kwa neno, *mchezo wa nguvu*, haimwelezi msomaji lolote, kwani kilichoongezeka si nguvu bali ni tofauti ya idadi.

Uzito wa jambo hili huonekana vyema katika kisa cha Januari 4, 1987, mjini Piešťany, nchini Chekoslovakia ya wakati huo. Kanada ilikuwa ikiiongoza timu ya Umoja wa Kisovieti kwa mabao 4 kwa 2 katika kipindi cha pili. Wakovieti hawakuwa tena na tumaini la medali. Kanada ilikuwa na hakika ya medali, na bado iliweza kupata dhahabu. Ukazuka ugomvi uliowakumba wachezaji wa pande zote mbili, hata wasimamizi wakazima taa za uwanja. Timu zote mbili ziliondolewa mashindanoni, na dhahabu ikaenda Ufini.

Sasa mfasiri aandike nini? Akisema Kanada *ilitolewa*, kwa Kiswahili cha michezo amesema Kanada ilishindwa, ilhali ilikuwa mbele. Akisema *iliadhibiwa*, amekipunguza kisa, kwani hata anayekalishwa dakika mbili ameadhibiwa. Neno la haki hapa ni *kufukuzwa mashindanoni*. Kosa la neno moja lingewanyang’anya vijana wale uongozi walioupata uwanjani, au lingewafichia ukubwa wa hatia yao.

Kuhusu vifaa, *mpira wa magongo* ni jina lililokwisha kukaa kwa hoki ya nyasini, nalo liachwe huko. Barafuni hakuna tufe, bali kuna *kisahani* cha mpira mgumu, chenye upana wa sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54. Ni kweli kwamba kisahani hicho kimetengenezwa kwa mpira, lakini tukikiita *mpira* msomaji ataona kitu cha kudunda. *Gongo* libaki, ila mwandishi alinde upatanisho: “amekamatwa na gongo lake” na “amekamatwa na gongo yake” ni kesi mbili mbalimbali, na ya pili ni ya polisi. Kadhalika, mchezaji *hatelezi*. Anayeteleza ameponyokwa na miguu. Mchezaji *huserereka*. Na anapomsukuma mwenzake kwa bega, tusitafute neno la mkopo, maana *kupiga kumbo* tunako tangu zamani.

Mwisho ni jina la mashindano yenyewe. *Wadogo* si sahihi: mchezaji hutakiwa awe chini ya miaka 20 ifikapo Desemba 31, na anaweza kutimiza miaka 20 Januari mosi, katikati ya mashindano. *Vijana* peke yake halitoshi, kwani yapo mashindano mengine ya dunia ya walio chini ya miaka 18. Wala tusiseme *Kombe la Dunia*, maana linaloshindaniwa ni ubingwa. Twapendekeza: *Mashindano ya Ubingwa wa Dunia wa Hoki ya Barafuni kwa Vijana wa Chini ya Miaka 20*. Jina ni refu, lakini halidanganyi.

Wafasiri na walimu watakaoyatumia mapendekezo haya wayajaribu kwa kipimo kimoja: je, msomaji asiyepata kuona barafu atajua ni timu ipi iliyopata hasara? Akijua, istilahi imefanya kazi yake.