Nakala ya simu yako inalala wapi?

Kila mara mwenzetu anaibiwa simu, ubishi unaanza tena kwenye grupu. Hawa wanasema: "Ungeweka yote kwenye Drive." Wale wanajibu: "Drive inakula mega, weka kwenye flashi, imeisha." Mimi naona wote wanakosea pahali pamoja: wanasifu chombo bila kuuliza kilitengenezwa kwa maisha ya nani.

Tuanze na Drive. WhatsApp ya Android, ukiiruhusu kupeleka nakala kule Google, kwa kawaida inangojea Wi-Fi. Ni sawa kwa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani. Lakini sisi wa forfe ya siku moja, simu inangoja, inangoja, miezi inapita, na sisi tunalala tukijua tuko na nakala. Ukiiambia itumie mega, video za harusi za familia zinamaliza forfe yako mbele sauti za mahojiano ya TFC zipande. Na nafasi ya bure ni GB 15 tu, barua, mafaili na picha zote ndani. Tangu tarehe 1 Juni 2021, hata picha zilizopunguzwa uzito zinahesabiwa humo.

Kuna jambo lingine hatulisemi. Umeibiwa simu, unanunua ingine, unataka kuingia kwenye akaunti yako. Google inakutumia kodi... kwenye ile laini mwizi ameenda nayo! Na mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi: intaneti ilikatwa inchi nzima karibu wiki 3, SMS pia. Mwenye kazi yake yote ilikuwa juu kule, alikuwa nayo na hakuwa nayo.

Basi wa flashi wameshinda? Hapana. Kwanza, ile nakala WhatsApp inafanya yenyewe kila usiku saa nane, inakaa ndani ya simu ileile. Mwizi anabeba vyote viwili. Nakala inayolala kitanda kimoja na kitu inachokilinda si nakala. Flashi nayo inapita kwenye kompyuta zote za pale tunachapishia TFC, inarudi na virusi. Na wa Goma hawana haja ya kufundishwa: usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbia na watoto, na simu mkononi. Nani alirudi ndani kutafuta flashi mu droo?

Kwa hiyo swali si "Drive ao flashi". Swali ni: unaogopa nini? Mwizi, moto na volkano vinataka nakala ikae mbali na wewe. Kukatwa kwa intaneti na kukosa forfe vinataka nakala ikae karibu. Sisi tuko na hofu zote mbili, njo maana chombo kimoja hakitoshi.

Maoni yangu ni kugawa kwa uzito. Maandishi ya TFC mara nyingi ni mega chache tu: jitumie kwenye email kila jioni ukimaliza kuandika. Sauti na picha ni nzito: ziweke kwenye flashi, na flashi ikae kwa shangazi, si kwako. Tena, Google inakupa kodi 10 za akiba za kuandika kwenye karatasi kama umewasha ulinzi wa hatua mbili. Ziandike leo, zifiche pamoja na diplome yako.

Kisha jaribu kurudisha faili moja. Nakala usiyowahi kuifungua ni matumaini tu.

Wandugu, kabla ya kuandika maoni hapa chini, fungueni WhatsApp muangalie tarehe ya nakala yenu ya mwisho. Halafu tuambieni ukweli: ni ya lini?