Sifa za Mtegaji

Bibi yetu wa Kiwangwa hakutega vitendawili mchana. Mchana, alisema, ni wa jembe. Akili za watoto zilingoja usiku, vyombo vikishaoshwa na kibatari kikishasogezwa karibu. Hapo alikohoa kidogo, akasema, "Kitendawili!" Nasi tuliobanana mkekani tukaitikia kwa sauti moja, "Tega!"

Miaka mingi niliamini kwamba shindano lile lilikuwa letu sisi wenye kujibu. Aliyetegua upesi alishangiliwa, na kesho yake alikwenda kisimani akitembea kama jumbe. Bibi hakushangiliwa na mtu. Yeye si alikuwa anauliza tu? Hata wahenga walikuwa upande wetu: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Anayefumba hata hatajwi.

Hukumu hiyo ilianza kunitia shaka siku niliyotaka kumtegea mwanangu kitendawili kipya, cha kutunga mwenyewe. Jioni nzima iliniishia kitini. Nilitazama feni, ndoo, simu, ufagio. Majibu yalijaa chumba kizima. Swali sikulipata hata moja.

Ndipo nikavikumbuka vile vya Bibi kwa heshima mpya. *Kuku wangu katagia miibani.* Jibu ni nanasi, na kila mtoto wa Kiwangwa alilijua nanasi kwa michirizi ya damu miguuni, maana majani yake hayamsamehe anayekatiza shambani. Lakini kulijua nanasi ni jambo moja, na kuliona limeatamia katikati ya miiba kama kuku mwenye kiota ni jambo jingine. Aliyetunga alilazimika kumjua kuku, akalijua nanasi, kisha akasimama mahali ambapo viwili hivyo vinakutana, mahali ambapo hapakuwa na njia kabla yake. Na tazama hila ya lile neno "wangu". Linakupeleka bandani kwa mwenye kuku, nawe unahangaika kumtafuta huko huku nanasi liko shambani.

Au kile cha Mzungu aliyetoka Ulaya mkono kiunoni. Jibu ni kikombe. Nani hakuwa na kikombe nyumbani? Watu walikinywea chai kila asubuhi, wakakishika mkono huohuo uliowekwa kiunoni, wasione kitu. Akatokea mmoja, jina lake halijulikani, akakiona kimesimama mezani kwa maringo ya mgeni anayetoa amri. Tangu hapo kikombe hakijawa chombo kitupu tena.

Lugha yenyewe imeliweka wazi jambo hili, ingawa hatuisikilizi. Tunasema *kutega*, kisha *kutegua*. *Kufumba*, kisha *kufumbua*. Kama tunavyosema kufunga na kufungua. Kitenzi cha anayejibu kimezaliwa na kitenzi cha anayeuliza. Pasipo mtego hakuna cha kutegua.

Na neno *kutega* tumelichukua kwa wawindaji. Mwindaji hategi pale panapompendeza yeye. Hutega pale anapopita mnyama. Kwa hiyo mtegaji ana kazi mbili: kulijua jibu, na kumjua asiyelijua. Anapaswa kukaa ndani ya ujinga wa mwenzake, autembee gizani, apime mtoto huyu atafika wapi kabla ya kukwama. Akitoa dalili nyingi, kamba ya mtego inaonekana. Akizinyima, amemdhulumu msikilizaji, na mchezo umegeuka uonevu. Anayejibu anatakiwa kuwa na akili moja tu, ya kwake.

Washairi wetu wa pwani waliujua uzito wa kuanza. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ikihasimiana. Katika malumbano ya namna hiyo, mara nyingi mwenye kujibu hufuata vina na mizani ya aliyemwanza. Ustadi wake ni mkubwa, hilo halina ubishi, lakini anautumia ndani ya nyumba iliyojengwa na mwingine: milango haikuwekwa naye, wala madirisha.

Kuna jambo jingine nililolielewa ukubwani. Tuliposhindwa, Bibi hakutuambia kuwa tumekosa. Alisema, "Nipeni mji." Tukampa Bagamoyo, akakataa, huo yeye anao tangu jana. Tukampa Mombasa. Akaenda Mombasa palepale mkekani, akatusimulia alivyopokewa, alivyokula, alivyotamani kubaki, ndipo akatupa jibu. Kutojua kulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa mji ambao haukuwa wetu. Hakuna aliyelala na aibu.

Shuleni bei ilibadilika. Huko anayeuliza ni mwalimu, na asiyejua hulipa kwa alama, pengine kwa kicheko cha darasa. Ndiyo maana mwisho wa somo, mwalimu anapouliza, "Kuna mwenye swali?", madawati yote hunyamaza. Tunajua kusema kwamba kuuliza si ujinga, lakini tunausema msemo huo kama mtu anayejitetea. Mtoto aliyezoea kutegewa tu, asiyepewa nafasi ya kutega, hufika utu uzima akiwa na majibu mengi ya maswali ambayo hakuna anayeyauliza tena.

Usiku mmoja, mwezi uleule tuliomzika Babu, Bibi alitega kile chepesi kuliko vyote: "Nyumba yangu haina mlango." Sisi wakubwa tulikaa kimya tukiwaachia wadogo, maana nani asiyejua kuwa ni yai? Mdogo wetu wa mwisho akajibu, "Kaburi."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Alilitazama lile jibu kwa muda mrefu, kama mwindaji aliyetega kanga akamkuta paa. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyeshindwa. Nikupe mji gani?"

Mtoto akataka Unguja. Akapewa Unguja yote. Kwa kuwa sheria ni sheria, akasimama, akatueleza alivyovuka bahari, alivyokula halua mpaka akashiba, na kwamba watu wa huko wote wamekubali jibu ni kaburi. Akakaa.

Kimya kikapita. Bibi akavuta khanga yake mabegani, akamsogelea, akasema neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake:

"Tega."