Hesabu ya Usiku Usio na Maji

Mtu aliyezaliwa Hombo, mahali ambapo mto wenye jina hilo hilo hugawa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na ambapo njia kuu itokayo Bukavu kwenda Walikale na Kisangani hukatwa na mvua mara kwa mara, huona ni muhali msafiri kulala porini kwa kukosa maji. Kwake yeye maji ndiyo yanayomlaza. Lori likizama topeni kabla ya magharibi, dereva na watu wake hutandika turubai uvunguni mwa gari, wakailinda mizigo yao hata kupambazuke. Walakini Kiswahili kisemwacho Hombo leo kilipanda bara, kwa sehemu kubwa, kwa njia ambayo dhiki yake ilikuwa kinyume cha hii, nao ufundi wa kuishinda dhiki ile wastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ulikuwa ufundi wa hesabu kabla ya kuwa wa ushujaa.

Njia hiyo ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, penye miji ya Kasongo na Nyangwe. Baada ya Chunyo, karibu na Mpwapwa, palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Si bahari ya mchanga kama Rub' al-Khali ya Arabuni. Miti ilikuwapo, na miiba kupita miti, ila wakati wa kiangazi hapakuwa na tone la maji, na mwenye mzigo begani hana haja ya kuuliza zaidi. Msafiri Stanley, aliyeikata mwezi wa Mei 1871, aliikadiria kuwa zaidi ya maili 30, yaani kama kilomita 50, na muda wa kuivuka akauweka kuwa saa 36. Mpagazi wa zama zile alichukua aghalabu frasila 2, karibu kilo 32, mbali na kibuyu chake, kitanga chake na chakula chake. Na desturi ya kafila ilikuwa kuondoka alfajiri, kwenda mpaka jua lipande, na kutua kabla ya adhuhuri mahali penye maji.

Tuchukue kwamba mtu huyo alikwenda kilomita 4 kwa saa. Akiishika desturi, ataondoka Chunyo saa 12 asubuhi na kusimama saa 6 mchana akiwa amemaliza kilomita 24 tu. Hapo ataketi juani, kibuyu kikipungua, alasiri nzima na usiku kucha. Asubuhi ataondoka tena, na kuyapata maji saa 6 na nusu mchana wa siku ya pili. Baina ya maji na maji zimepita saa 30 na nusu, na kati ya hizo zilizokuwa kali kuliko zote amezipoteza ameketi, akinywa bila kusogea.

Tirikeza, yaani mwendo wa baada ya adhuhuri, iliigeuza hesabu hiyo. Kafila haikuondoka alfajiri. Watu walishinda penye maji, wakapika, wakala, wakanywa mpaka wakatosheka, wakajaza vibuyu, na baada ya adhuhuri, tuseme saa 8, kirangozi, yaani kiongozi wa kafila, akatangulia. Kwa saa 6 za mwendo walifika kilomita 24 saa 2 usiku, wakalala. Saa 10 alfajiri wakaamka, na saa 4 na nusu asubuhi walikuwa wamemaliza kilomita 50. Umbali ule ule, na usiku wa kulala ule ule, lakini baina ya maji na maji ni saa 20 na nusu. Utaona kwamba mwendo wenyewe haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilishwa ni mahali pa kuutumia mchana, na katika tadbiri zote za safari za bara sijui nyingine iliyopata faida kubwa hivi bila ya gharama ya fedha.

Gharama yake ilikuwa nyingine. Kambi ya kawaida ilikuwa na namna yake: matawi ya miiba yakikatwa na kuzungushwa boma, vibanda vya nyasi vikisimamishwa, au kafila ikiingia katika vibanda vilivyoachwa na waliotangulia, pamoja na wadudu wao. Kituo cha tirikeza hakikuwa na hata kimoja cha hivyo. Watu waliofika gizani, miguu imevimba, hawakuwa na nguvu ya kukata miiba. Mizigo ilirundikwa, mioto ikawashwa kandokando, na kila mtu akalala alipoangukia, bila kupika, maana ugali nao wataka maji. Msafiri Burton, aliyepita mwaka 1857, aliichukia tirikeza kabisa, na kwa haki, ingawa yeye hakuchukua frasila 2. Aliyekuwa na homa alibaki nyuma, na aliyebaki nyuma gizani hakutafutwa sana. Tena isisahauliwe kwamba katika njia hiyo hiyo, wakielekea pwani, walipitishwa mateka waliofungwa minyororo, ambao saa ya kunywa haikuwa yao kuipanga. Hesabu niliyoieleza ilikuwa hesabu ya mwenye kafila.

Mwisho wa nyika nao haukuwa mwisho wa taabu, kwa sababu katika Ugogo maji yalikuwa na wenyewe, na masultani walitoza hongo, nguo na shanga, majadiliano yake yakichukua pengine siku kadhaa. Mbele yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kama Marenga Mkali au zaidi. Lakini hilo Wakimbu walilifyeka, wakajenga vijiji na kulima, hata Stanley alipopita akalikuta limekuwa jingine na lile alilolisoma kwa Burton. Walichofanya Wakimbu kwa jembe kiliondoa haja ya tirikeza nyingi kuliko werevu wa kirangozi yeyote. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi aliondolewa katika hesabu; garimoshi la mvuke, ambalo kiu yake ilishinda ya kafila nzima, likalazimu maji yatafutiwe vituo katika nyika ile ile kabla ya abiria kutafutiwa.