Nyama Inayojua Kungoja

Sherehe ya kipaimara huku Sekenke ina tarehe, saa haina. Vijana wa kubarikiwa wakiwa wengi na kila kwaya ikitaka kuimba, watu hutoka kanisani jua limeshapinduka. Kuna ndugu wanaokuja kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Singida, na wengine kutoka Mwanza kwa njia ya Igunga; basi likipata pancha katikati ya mbuga ya Wembere, mezani hakuna atakayegusa kitu mpaka wafike. Ndiyo maana namheshimu sana mchomaji anayekabidhiwa nyama ya shughuli kama hiyo akasema ataibanika kwa moshi, usiku kucha. Nyama ya moto mkali humtaka mlaji awe ameshanawa mikono. Ya moshi humngoja.

Kazi yenyewe huanza siku nyingi kabla ya kuwasha moto, kwa hesabu. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 25 akichinjwa na kuchunwa hubaki kama kilo 12. Toa mifupa, toa maji na mafuta yanayochukuliwa na moto, utabakiwa na kilo tano hivi za kutafuna. Ukimpimia kila mtu robo kilo kasoro kidogo, pamoja na wali na ugali, mbuzi mmoja anatosha watu 25. Kwa wageni 200 unahitaji mbuzi wanane, au maksai mmoja wa kilo 250, ambaye atatosha na ziada ikabaki. Mimi husimama upande wa maksai, kwa sababu Sekenke wageni hawaishii kwenye kadi. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu hapa mwaka 1909, na dhahabu ya vilima hivi ndiyo iliyotengenezewa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Wachimbaji wadogo wapo hadi leo, na akipanda mtu kutoka shimoni akasikia harufu ya nyama, huwezi kumwambia hukumwalika.

Tena maksai aliyevuta plau miaka mingi, ambaye kwenye jiko la kawaida angewachosha watu meno, ndiye hasa anayefaa moshi. Kidari, shingo na mabega yake yamejaa kano na utando mgumu. Moto mkali huvikaza. Joto la taratibu la saa nyingi huviyeyusha vikawa ute unaolainisha nyama yote. Kwa hiyo mchomaji huanza na saa ya kula akarudi nyuma. Kama wageni wanatarajiwa kula saa nane mchana Jumapili, nyama iwe imeiva saa sita ili ipate kutulia, na kidari kinataka zaidi ya saa kumi na mbili, basi kiwekwe motoni kabla ya saa nne usiku wa Jumamosi. Kuchinja ni Jumamosi asubuhi. Anachinja Mwislamu, ili pasiwe na ndugu wala jirani wa kujiuliza, na nyama ikaguliwe kabla haijakatwa. Kisha inatundikwa kivulini penye upepo mpaka jioni, maana nyama ya papo hapo hukakamaa motoni. Jioni ni chumvi tu.

Kuni ni jambo ambalo sikubali mzaha. Ziwe kavu, za mgunga au mkwaju, zisizo na rangi wala dawa. Mnyaa usikaribie kabisa: nyua zetu zimejaa miti hiyo, na kijana aliyetumwa kuni usiku huvunja cha karibu, lakini utomvu wake huunguza macho na moshi wake hukera koo. Pipa nalo liulizwe historia yake. La mafuta ya alizeti linafaa, likipasuliwa katikati na kuchomwa tupu kwanza. Lililobeba dawa ya pamba halifai hata likioshwa mara mia.

Usiku ule mchomaji hakai mbali. Makaa huyaweka upande mmoja, nyama upande wa pili, na nusu ya pili ya pipa inafunika. Anaangalia rangi ya moshi: ukiwa mweupe mzito, anajua kuni zinafuka badala ya kuwaka, na masizi yataichachua nyama, kwa hiyo anainua mfuniko kidogo hewa ipite. Ukiwa mwembamba wa kibuluu, anarudi kwenye kigoda chake. Mafuta yakidondoka na kushika moto, hamwagi maji, anatupia jivu. Kulipopambazuka nilimwona mmoja akishika ncha ya mfupa wa bega na kuuzungusha kwa vidole viwili. Ukagoma. Akafunika bila kusema neno. Baada ya muda akajaribu tena, mfupa ukazunguka na kuchomoka mweupe, safi. Ndipo alipoita sufuria kubwa, akapanga vipande, akafunika, na juu akatandika blanketi.

Kwenye sufuria hilo nyama hukaa saa mbili, hata tatu, bado ya moto na laini, kwaya ziimbe zitakavyo.

Ziada haipotei. Jioni inakatwa vipande vyembamba, inapangwa juu ya uchanja wa fito, moto ukiwa mdogo kabisa, na kukaushwa hadi alfajiri. Jumatatu kila msafiri anapewa fungu lake kwenye karatasi ya kaki, wa Mwanza na wa Dar es Salaam, na aliyekosa ibada kwa sababu ya basi anaongezewa kipande cha kidari.