Masiya katika sinema

Pier Paolo Pasolini wa Italia hakuwa mtu wa imani. Lakini mwaka 1964 alitoa sinema juu ya Evangelio ya Mtakatifu Matayo, akaiweka kwa kumbukumbu ya Baba Mtakatifu Yoane XXIII. Tunaisifu kwa jambo moja: Yezu wake anakataa utawala wa dunia anaoahidiwa na Shetani jangwani. Wayahudi wengi walingoja mfalme wa kuwafukuza Waroma. Huyu anaingia Yeruzalemu juu ya punda.

Lakini kuna upungufu. Katika mafundisho ya mlimani tunaonyeshwa uso wa Yezu tu. Maskini anaowaita wenye heri hawaonekani. Ufalme usio na watu ni ufalme gani? Mtazamaji aweza kudhani anasikia kiongozi mkali tu.

Mwishoni, kaburi likiwa tupu, inasikika Gloria ya Missa Luba, ya waimbaji aliowakusanya Padri Guido Haazen huko Kamina, Katanga. Hapo watu wanamkimbilia Bwana mfufuka. Kumbe, sauti za kwetu zinajaza pale palipokosa watu: ufalme umekwisha kuanza, nasi tumeitwa ndani yake.